Bingwa Yupo, wa Saba Yuko Wapi?

Usiku wa Machi 9, 1974, ukumbini Greensboro katika jimbo la North Carolina, timu mbili za vyuo vikuu zilicheza fainali ya ligi yao ya mpira wa kikapu hadi muda wa ziada. North Carolina State ikaifunga Maryland 103 kwa 100. Wakati huo Maryland ilishika nafasi ya nne kwa ubora Marekani nzima, lakini msimu wake uliishia pale pale. Kila ligi ilikuwa na tiketi moja tu ya mashindano ya taifa ya NCAA, na tiketi hiyo ilikuwa ya bingwa. NC State ilikwenda nayo, ikaing'oa UCLA iliyokuwa imetwaa ubingwa miaka saba mfululizo, ikarudi na kombe. Mwaka uliofuata mashindano yalipanuliwa hadi timu 32, na ligi zikaruhusiwa kupeleka timu zaidi ya moja. Wapenzi wengi wa mchezo huo huitaja fainali ya Greensboro kila wanapoeleza kwa nini sheria ilibadilika.

Ligi hiyo ni ACC, ligi ya vyuo vya pwani ya Atlantiki. Machi 16, 2025, kamati ya NCAA ilipotangaza timu 68 za mashindano ya taifa, ACC ilikuwa na timu 18 na ikapata nafasi nne: Duke, Clemson, Louisville na North Carolina. SEC, ligi jirani ya majimbo ya kusini, ilipeleka 14 kati ya timu zake 16, idadi ambayo hakuna ligi iliyokuwa imewahi kuifikia. Big Ten ilipata nane, Big 12 saba, Big East tano. Iliyolingana na ACC ilikuwa Mountain West, ligi ya timu 11 za magharibi ambayo zamani hakuna mtu wa North Carolina aliyeifikiria hata kidogo.

Mara ya mwisho ACC kupata nafasi nne tu ilikuwa 2013, ikiwa na timu 12. Mwaka 2018 ilipeleka tisa kati ya 15. Ndani ya miaka saba ligi imetoka kwenye asilimia 60 ya wanachama wake hadi asilimia 22.

Anayetazama kileleni hataliona anguko hili. Duke ilimaliza msimu wa 2024–25 ikiwa na ushindi 35 na vipigo vinne. Katika mechi 20 za ligi ilipoteza moja. Cooper Flagg, kijana wa mwaka wa kwanza kutoka mji mdogo wa Newport, Maine, alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa taifa, na mwezi Juni Dallas Mavericks wakamchukua wa kwanza katika uteuzi wa NBA. Kilele kilikuwa imara kuliko miaka mingi iliyopita. Kilichoporomoka ni katikati ya jedwali: timu ya nne, ya saba, ya tisa, zile ambazo zamani zilikuwa zikimtoa jasho bingwa kila Jumatano usiku. Ligi hupimwa kwa hao.

Mtaji wa Desemba

Ili kuelewa jinsi timu 14 zilivyoachwa nje, inabidi kurudi nyuma hadi mwanzo wa msimu. Mechi za ligi hushika kasi kuanzia Januari. Kabla ya hapo, Novemba na Desemba, kila chuo hucheza na wapinzani wa nje, na mwanzoni mwa Desemba ACC na SEC hukutanisha vyuo vyao kwa siku mbili mfululizo. Desemba 2024 zilichezwa mechi 16. SEC ilishinda 14. Duke iliifunga Auburn 84 kwa 78, Clemson ikaifunga Kentucky 70 kwa 66, na ACC haikupata ushindi mwingine.

Hiyo ilikuwa zaidi ya aibu ya siku mbili. Tangu 2018 kamati ya uteuzi hutumia kipimo kiitwacho NET, na hupanga kila mechi katika madaraja manne kwa kuangalia ubora wa mpinzani na mahali ilipochezwa. Januari ikishafika, ligi inajifungia ndani. Ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake, na jumla ya ligi haisogei. Sifa iliyokusanywa Novemba na Desemba ndiyo mtaji, na kuanzia hapo wanachama hupokezana mtaji huo huo mpaka Machi. SEC iliingia mwaka mpya na mtaji mnene kiasi kwamba hata aliyefungwa alihesabiwa kuwa kafungwa na timu nzuri. ACC iliingia mikono mitupu. Ushindi wake wa ndani ukawa kama noti za nchi yenye mfumuko wa bei: tele mfukoni, hafifu sokoni.

Mfano wa wazi ni Louisville. Chuo hiki kilikuwa kimeshinda mechi nne tu msimu wa 2022–23 na nane msimu uliofuata. Kocha mpya, Pat Kelsey, akakusanya kikosi kipya na kushinda mechi 18 kati ya 20 za ligi, kisha akafika fainali ya ACC. Katika mashindano ya taifa timu hugawanywa kanda nne na kupangwa namba 1 hadi 16 katika kila kanda. Louisville ilipewa namba 8. Zamani, ushindi 18 ndani ya ACC ungeleta heshima ya meza kuu.

Chini yake hali ilikuwa ngumu zaidi. Timu tatu zilimaliza ligi na ushindi 13 na vipigo saba: Wake Forest, SMU na North Carolina. Iliyoitwa ni moja, North Carolina, tena kwa mlango mwembamba. Katika mechi zake 13 za daraja la kwanza ilikuwa imeshinda moja tu. Mwenyekiti wa kamati ya uteuzi mwaka huo, Bubba Cunningham, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho. Alijitoa wakati chuo chake kilipojadiliwa, kama kanuni zinavyotaka, lakini minong'ono ilikuwa imeshaanza. Chuo kilichokuwa na jezi inayotambulika nchi nzima kilijikuta kikiulizwa kimeingiaje.

Mechi zenyewe zilijibu haraka. North Carolina iliifunga San Diego State 95 kwa 68 katika mchujo wa awali pale Dayton, kisha ikatolewa na Ole Miss ya SEC, 71 kwa 64. Louisville ilifungwa na Creighton 89 kwa 75. Clemson, ambayo nayo ilikuwa na ushindi 18 katika ligi, ilikutana na McNeese, chuo kidogo cha Louisiana, ikaenda mapumziko na pointi 13 dhidi ya 31. Ilihangaika kipindi cha pili hadi ikafungwa 69 kwa 67. Siku mbili za raundi ya kwanza zilipokwisha, ACC ilikuwa imebaki na Duke peke yake.

Duke ilifika nusu fainali San Antonio. Aprili 5, ikiwa imebaki chini ya dakika moja, ilikuwa mbele ya Houston kwa pointi sita. Ikafungwa 70 kwa 67. Kombe likaenda Florida, timu ya SEC.

Ujirani uliouzwa

ACC ilizaliwa 1953 karibu na Greensboro. Vyuo saba vilijitoa katika ligi kubwa iliyokuwa imetawanyika: vinne vya North Carolina, viwili vya South Carolina, na Maryland. Virginia ikaongezwa mwaka huo huo. Nguvu ya ligi ilikuwa ujirani. Kutoka Duke hadi chuo cha North Carolina ni kilomita kama 16 tu, na NC State iko umbali wa mwendo mfupi wa gari. Mchezaji aliyemkosesha mwenzake ubingwa Machi alikutana naye sokoni Aprili. Mashindano ya ligi yalipofika, shule za North Carolina ziliwawekea watoto televisheni darasani. Hadi msimu wa 2003–04, kila timu ilicheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya ratiba nyepesi.

Mwaka 2004 Miami na Virginia Tech zilikaribishwa, Boston College ikafuata 2005. Sababu ilikuwa futiboli ya Kimarekani: ligi yenye timu 12 iliruhusiwa kuandaa fainali yake, na fainali ilikuwa na pesa za televisheni. Mwaka 2013 zikaja Syracuse, Pittsburgh na Notre Dame. Maryland, mmoja wa waasisi, ikahamia Big Ten 2014, na Louisville ikachukua kiti chake. Mwaka 2024, ligi nyingine kubwa ya magharibi iliposambaratika, ACC ikapokea Stanford na California za ufukwe wa Pasifiki pamoja na SMU ya Dallas.

Kila hatua ilikuwa na hoja yake. Mhasibu asingeikataa hata moja. Lakini ukizitazama kwa pamoja, unaona ligi ya mpira wa kikapu iliyokuwa ikijengwa upya kwa mahitaji ya mchezo mwingine. Leo timu ya Boston huruka zaidi ya kilomita 4,000 kwenda kucheza na wenzake wa California. Timu 18 zilipocheza mechi 20, wengi walikutana mara moja tu kwa mwaka, na uhasama mzuri haujengeki kwa kukutana mara moja. Msimu wa 2024–25 timu ya saba katika jedwali la pwani ya Atlantiki ilikuwa Stanford, yenye ushindi 11 na vipigo tisa. Haikuitwa, wala Machi hakuna aliyeitetea.

Kuna kejeli moja ambayo wazee wa mchezo huo huitaja kwa uchungu. Miami, Virginia Tech, Boston College, Syracuse, Pittsburgh, Notre Dame na Louisville zote zilikuwa wanachama wa Big East, ligi ya miji ya kaskazini-mashariki. Baada ya kunyang'anywa hao, Big East ilibaki na vyuo visivyotegemea futiboli, na wengi walidhani imekwisha. Tangu hapo Villanova imetwaa ubingwa wa taifa 2016 na 2018, na Connecticut, iliyorudi katika ligi hiyo, 2023 na 2024. Mwaka 2025 Big East ilipeleka timu tano kati ya 11. Kati ya saba zilizohamia ACC, ilikwenda Louisville pekee.

Viti vya makocha

Sababu ya pili haionekani kwenye ramani. Uimara wa ACC ulishikiliwa na watu waliokaa. Dean Smith alifundisha North Carolina miaka 36, Mike Krzyzewski aliongoza Duke miaka 42. Chini yao palikuwa na tabaka la makocha wasiokuwa na vikosi vya nyota lakini waliojua kumtunza kijana miaka minne mpaka awe tatizo kwa kila mgeni. Tony Bennett alifanya hivyo Virginia na kutwaa ubingwa wa taifa 2019, mwaka ambao ACC ilikuwa na timu tatu kati ya nne zilizopangwa namba 1.

Roy Williams wa North Carolina aliondoka 2021, Krzyzewski 2022, Jim Boeheim wa Syracuse na Mike Brey wa Notre Dame 2023. Oktoba 2024, wiki chache kabla ya mechi ya kwanza, Bennett alistaafu akiwa na miaka 55, akieleza kwamba mazingira mapya ya mchezo hayamfai tena. Desemba 26, Jim Larrañaga wa Miami akajiuzulu katikati ya msimu, akasema amechoka. Chini ya miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameifikisha Miami nusu fainali ya taifa. Msimu huo ilishinda mechi saba na kupoteza 24. Leonard Hamilton akaondoka Florida State baada ya misimu 23. Machi, NC State ikamfukuza Kevin Keatts, aliyekuwa ameipeleka nusu fainali ya taifa mwaka uliotangulia. Kati ya makocha 15 walioanza msimu wa 2018–19 katika ACC, walikuwa wamebaki wawili: Brad Brownell wa Clemson na Jeff Capel wa Pittsburgh.

Ni rahisi kusema wazee wamepitwa na wakati. Lakini mazingira waliyoyakimbia yamebadilika kweli. Tangu Julai 2021 wanariadha wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na wafadhili wa kila chuo wamejipanga kuchangisha. Mwaka huo huo, mchezaji aliruhusiwa kuhama chuo bila kukaa benchi mwaka mzima. Likazaliwa dirisha la usajili, kama lile la soka, ila halikuwa na mkataba wa kumzuia mchezaji wala ada ya kumfidia aliyemlea.

Katika soko kama hilo anayeumia kwanza ni timu ya kati. Aliye kileleni hununua, aliye chini hana cha kupoteza, wa kati hulea kisha hunyang'anywa. Norchad Omier, nguzo ya Miami, alihamia Baylor. Miles Kelly wa Georgia Tech alikwenda Auburn na kufika nusu fainali ya taifa akiwa na jezi ya SEC. Quadir Copeland wa Syracuse alikuwa katika kikosi cha McNeese kilichoiadhiri Clemson. Kocha wa McNeese siku hiyo, Will Wade, siku chache baadaye alitangazwa kocha mpya wa NC State. Ligi imefika mahali pa kumwajiri aliyeitoa.

Duke yenyewe iko nje ya taabu hiyo, na sisi wa Afrika Mashariki tuna shahidi wa karibu. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe jijini Kampala, aliichezea City Oilers ya Uganda katika ligi ya Afrika ya BAL, akaiwakilisha Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kisha akatua Duke. Akacheza mwaka mmoja, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA. Mkono unaofika Kawempe ni mrefu. Wake Forest, umbali wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Duke, haijacheza mashindano ya taifa tangu 2017.

Miaka mitatu ya kujifariji

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Kuanzia 2022 hadi 2024 ACC ilipata nafasi tano tu kila mwaka, lakini timu hizo zilifanya makubwa. Mwaka 2022 Duke na North Carolina zilikutana nusu fainali ya taifa. Mwaka 2023 ikafika Miami. Mwaka 2024 NC State, iliyopangwa ya 10 katika mashindano ya ligi, ilishinda mechi tano kwa siku tano, ikatwaa taji la ACC na kusonga hadi nusu fainali ya taifa. Clemson ikafika robo fainali mwaka huo huo. Viongozi wa ligi waliuliza kwa sauti: kama sisi ni dhaifu, mbona tunawafunga? Wakalaumu kipimo na kamati.

Kulikuwa na ukweli ndani yake, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mafanikio ya timu mbili tatu kila Machi yalifunika swali la waliobaki nyumbani. NC State ndiyo kipimo kizuri: baada ya maajabu ya 2024, ilimaliza msimu wa 2025 na ushindi 12 na vipigo 19. Ligi ilikuwa imeamua kualika timu 15 tu kwenye mashindano yake ya Charlotte, na mtetezi wa taji akawa mmoja wa watatu waliofungiwa nje, pamoja na Boston College na Miami.

Dawa na madhara yake

Ligi haikukaa kimya. Iliamua kupunguza mechi za ndani kutoka 20 hadi 18 kuanzia msimu wa 2025–26, ili vyuo vipate nafasi zaidi ya kutafuta wapinzani wazito wa nje. Ni hatua ya busara, mradi mechi hizo zisipotezwe kama zilivyopotezwa Desemba ile. Ratiba haifungi vikapu.

Fedha ni jambo gumu zaidi. Mkataba wa ACC na ESPN unafika 2036, wakati SEC na Big Ten zimepata mikataba mipya minono zaidi. Florida State na Clemson ziliishtaki ligi yao wenyewe, zikitaka uhuru wa kuondoka. Machi 2025 pande zote zilisuluhishana, na sehemu ya mapato ikapangwa kugawanywa kwa idadi ya watazamaji wa televisheni. Anayetazamwa zaidi hupata zaidi. Kwa wakubwa hiyo ndiyo bei ya kukubali kubaki. Kwa Wake Forest, Boston College na Georgia Tech maana yake ni kuingia katika dirisha la usajili na mfuko mwepesi zaidi. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote, na futiboli hula kwanza.

Kwa hiyo ligi imepata suluhu iliyookoa umoja kwa kupanua pengo lililoiumiza. Si lazima iwe hukumu ya kifo. Louisville ilitoka shimoni kwa mwaka mmoja tu, ikionyesha kwamba dirisha lile lile linalobomoa linaweza kujenga pale chuo kinapompata kocha anayelijua na wafadhili wasiochoka. Virginia, Miami, Florida State na NC State ziliajiri upya mwaka 2025, na huenda mbili kati yao zikaamka. Zikiamka, idadi ya nafasi itapanda, na watu watasema msiba umekwisha. Cha kuangalia wakati huo kitakuwa kile kile: timu ya saba ni nani, imekaa na kocha wake miaka mingapi, na wachezaji wake wangapi walikuwepo mwaka jana.

Na Maryland? Ile iliyorudi nyumbani kutoka Greensboro mwaka 1974 kwa sababu ligi yake ilikuwa na timu nzuri kuliko tiketi, Machi 2025 ilipangwa namba 4 katika kanda yake, ikashinda mechi mbili na kufika hatua ya timu 16 bora. Hatua hiyo, kutoka ACC nzima, ilifikiwa na Duke peke yake. Maryland ilifika ikiwa na jezi ya Big Ten.